"Kitabu kinasema": kitabu gani, na nani aliandika?

Kama watu wanabishana juu ya mpaka wa kijiji, ao juu ya ukoo gani unapashwa kukalia kiti cha ushefu, siku hizi mara nyingi kuko mtu mmoja anatoa simu mfukoni na kusema: "Mimi sisemi kwa kichwa yangu. Kitabu cha Wazungu kinasema." Hapo watu wananyamaza. Wazee wenye walikuwa wanaongea wanaacha. Karatasi imeshinda kinywa.

Lakini kitabu gani? Kilichapwa mwaka gani? Nani aliandika, na alikuwa anaandikia nani? Kwetu Haut-Lomami na Katanga yote, maulizo haya si ya walimu tu. Neno moja kutoka kitabu cha zamani linaweza kupa mtu udongo, ao kumunyanganya.

Vitabu vingi vya kwanza vilivyochapwa juu ya inchi yetu ni vya Kiingereza, hapana vya Kifaransa. Watu wanashangaa kusikia vile, juu tulitawaliwa na Wabelgiji. Lakini mbele Mbulamatari aweke bendera yake huku, wasafiri na wamisionere wenye kusema Kiingereza walikuwa wamekwisha kupita. Na vitabu hivyo si vya namna moja. Tuviangalie kimoja kimoja.

Kitabu cha msafiri

Verney Lovett Cameron alikuwa ofisa wa jeshi la maji la Uingereza. Alitoka pwani ya Bahari ya Hindi mwaka 1873, na mwisho wa 1875 akafika Atlantiki. Kati ya safari alikaa miezi mingi kwa Baluba, pa Kilemba, makao ya mfalme Kasongo Kalombo. Kitabu chake, *Across Africa*, kilitoka London mwaka 1877.

Njo kitabu chenye watu wanapenda kutaja. Kina picha za kuchorwa, kina karte, kina majina ya wakubwa na ya vijiji. Lakini tukumbuke vile alikaa. Alipokewa kwa Juma Merikani, mfanyabiashara wa Kiarabu, na habari nyingi alizipata kwa wafanyabiashara na wakalimani. Mfalme hakukuwa nyumbani, na Cameron alimungoja muda mrefu. Ziwa Kisale aliliona kwa mbali tu. Tena alikuwa anaandikia wasomaji wa Uingereza, wenye walilipa feza ili wasome habari za hatari na za ajabu. Kasongo Kalombo anatokea mule kama mtu mkali na mwenye majivuno. Inawezekana alikuwa vile. Lakini mule ndani hakuna ukurasa hata moja wenye mfalme mwenyewe alijiandikia.

Barua zilizogeuka kitabu

Sasa twende kusini-mashariki, mpaka Bunkeya, kwa mfalme M'siri wa Bayeke. Frederick Stanley Arnot, mumisionere wa Scotland, alifika kule mwaka 1886 na alikaa mpaka 1888. Kitabu chake *Garenganze* kilitoka mwaka 1889. Sehemu kubwa ni barua na maandishi yake ya kila siku.

Faida ya kitabu cha namna hii ni kwamba jambo limeandikwa karibu na siku lilitokea, mbele mtu asahau. Ubaya wake ni kwamba barua hizo zilikuwa za kusomwa na wakristu wa Ulaya wenye kusaidia misioni kwa sala na kwa feza. Mwandishi anajua wanangojea kusikia nini: giza huku, na mwangaza unaokuja.

Vitabu viwili, kifo kimoja

Tarehe 20 desemba 1891, M'siri aliuawa na watu wa kundi la kapiteni Stairs, lenye lilitumwa juu ya kutwaa Katanga kwa ajili ya mfalme Leopold II. Monganga wa kundi hilo, Joseph Moloney, aliandika *With Captain Stairs to Katanga*, kitabu kilichotoka mwaka 1893. Yeye anaeleza mambo akiwa upande wa bunduki.

Mumisionere Dan Crawford, mwenye aliishi katika ufalme wa M'siri tangu 1890, alitoa kitabu chake *Thinking Black* mwaka 1912. Hesabu miaka: kutoka kifo mpaka kitabu, zaidi ya 20. Moloney aliandika haraka, lakini alikuwa na sababu ya kutetea wenzake. Crawford alijua watu na luga, lakini aliandika kisha miaka mingi. Mtu mwenye kusoma kimoja tu anajua nusu ya habari.

Na watu wa M'siri wenyewe? Walingoja sana. Antoine Mwenda Munongo, mtu wa ukoo huo, alitoa *Pages d'histoire yeke* mwaka 1967, miaka 76 kisha kifo cha babu yao.

Vijitabu vya kupigana

Kuko namna nyingine, ndogo lakini yenye nguvu: kijitabu cha kurasa kidogo, cha bei ndogo, chenye kupita kutoka mkono mpaka mkono. Mwaka 1890, George Washington Williams, Mwamerika mweusi, aliandikia Leopold II barua ya wazi akiwa Stanley Falls, kule tunaita leo Kisangani. Ilichapwa kama kijitabu. Alishitaki serkali ya mfalme juu ya uongo, jeuri na utumwa. Mwaka 1905, Mark Twain alitoa *King Leopold's Soliloquy*, kijitabu chenye picha za watu waliokatwa mikono. Mwaka 1906, E. D. Morel alitoa *Red Rubber*, kitabu juu ya mpira wenye damu.

Maandishi haya yalisaidia kusukuma Leopold, na mwaka 1908 Kongo ilitoka mikononi mwake na kuwa koloni ya Ubelgiji. Lakini kijitabu cha kupigana kinachagua mambo. Hakina kazi ya kueleza ukoo ama mipaka. Ukitafuta mule habari za ushefu wa Baluba, unapoteza wakati.

Raporo yenye majina yalifichwa

Roger Casement, konsuli wa Uingereza, alitembea juu ya mto Kongo mwaka 1903, na serkali yake ilichapa raporo yake mwaka 1904. Ni ushuhuda mzito, watu wenyewe wanaeleza mateso yao. Lakini mbele ya kuichapa, wakubwa wa London waliondoa majina ya mashahidi na ya washitakiwa, wakatia herufi tu. Casement mwenyewe alikasirika. Ukisoma raporo ile iliyochapwa, unasikia kilio, lakini haujui nani analia. Tena Casement hakufika kwetu Katanga. Kusema "raporo ya Casement inasema" juu ya kijiji cha Haut-Lomami, ni kupotosha watu.

Vitabu vidogo vya misioni

William Burton na James Salter walianzisha misioni yao pa Mwanza, kwa Baluba, mwaka 1915. Burton aliandika mengi kwa Kiingereza. Kitabu chake *When God Changes a Man* cha mwaka 1929 ni maisha ya Shalumbo, mtu aliyekuwa anakamata watumwa, kisha akageuka mhubiri. Kimeandikwa ili kuimarisha imani, tusisahau. Hata hivyo hapa mtu wetu ana jina lake, na njia za maisha yake zinaonekana. Kwa mwenye kutafuta babu zake, vitabu vidogo vya namna hii vinaweza kuwa na faida kupita vile vikubwa vya wasafiri.

Basi tufanye nini?

Hatusemi vitabu hivi vitupwe. Bila vyenyewe, tarehe nyingi tungepoteza. Na vile vya zamani, kama vya Cameron, Arnot na Moloney, vinapatikana bure kwa intaneti, juu haki za mwandishi zimekwisha. Wanafunzi wenye kusoma Kiingereza hapa Kamina wanaweza kuvifungua na kutafsiria wazazi wao.

Lakini siku mtu anasimama kwenye barza na kusema "kitabu kinasema", tumuulize kwa heshima: Nani aliandika? Alifika hapa mwenyewe, ao alisikia kwa wengine? Alipata habari kwa luga gani? Kiliandikwa miaka mingapi kisha jambo kutokea? Na nani alikuwa analipa ili kichapwe?

Kama anajibu, tumusikilize vizuri. Kama hawezi, arudishe simu mfukoni, na tumuache mzee amalize maneno yake. Halafu kijana mmoja achukue bike na kayee, aandike maneno ya mzee, na jina lake, na tarehe.