Fomu ya VETA Inauliza Fani, Wengi Wanajibu Umeme

Kila mwaka, fomu za VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, zikianza kutolewa kwa ajili ya masomo ya Januari, maswali mawili hutawala Mbeya na Iringa: ada ni kiasi gani, na nafasi za umeme bado zipo?

La kwanza ni jepesi. Kwa miaka mingi ada katika vyuo vya VETA imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Gharama nyingine ya mafunzo inabebwa na Serikali, pamoja na tozo ya kuendeleza ujuzi wanayolipa waajiri. Kinachomtoa mzazi jasho ni orodha ya mahitaji: ovaroli, viatu vigumu vya karakana, vifaa vya fani, godoro, blanketi. Na blanketi la Mbeya mwezi wa Juni si pambo. Aliyejipanga kwa ada tu hajajipanga.

Swali la pili ndilo zito, na ndilo linalojibiwa haraka haraka, mara nyingi kwa kumwangalia jirani kajaza nini. Umeme wa majumbani na ufundi magari ndivyo vinavyokimbiliwa. Magari naelewa: barabara kuu ya kwenda Tunduma inapita Mafinga, Makambako na Mbeya mjini, na malori ya Zambia na Kongo hayaishi kuharibika. Lakini hebu tazama malori yanayoshuka upande wa pili yamebeba nini. Mbao.

Shamba la miti la Sao Hill, wilayani Mufindi, lina zaidi ya hekta 135,000 na ndilo kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya Serikali. Ukiongeza misindano na mikaratusi ya wananchi, mkoa wa Iringa umekaa juu ya mali. Bado kijana wa Mufindi ukimtajia useremala ananuna. Picha aliyonayo kichwani ni ya fundi wa kijijini kwao, anayetengeneza vitanda vya mkopo visivyolipwa.

Kinachomtofautisha fundi huyo na aliyepita karakanani ni maji. Mbao ya msindano iliyotoka kupasuliwa imejaa maji. Mwenye haraka anaipiga randa hivyo hivyo, anaunga mlango na kumkabidhi mteja ukiwa umenyooka kama rula. Ukishapigwa na ukavu wa Dodoma miezi miwili, ubao unasinyaa, fremu inajipinda, kitasa hakishiki tena, na simu ya fundi haipatikani. Aliyefundishwa hupanga mbao kivulini, akiweka vijiti katikati hewa ipite, kisha anasubiri. Samani za ndani zinataka unyevu ushuke hadi karibu asilimia 12. Kusubiri huko ndiko mteja anakokulipia, ila hakuna anayekueleza hivyo unapojaza fomu.

Wasichana nao bado wanasukumwa kwenye ushonaji, hata yule ambaye mkono wake uko kwenye kuchomelea vyuma. Hapo wa kulaumiwa ni sisi wazazi.

Kasumba ya kwamba VETA ni ya waliofeli inaanza kulegea. Sera ya Elimu ya 2014, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali, yaani wa ufundi, sekondari. Mbeya yenyewe ina mfano mkubwa: chuo kikuu cha MUST kilianza mwaka 1986 kikiwa Chuo cha Ufundi Mbeya.

Si lazima uwe kijana, wala si lazima iwe VETA. Fundi aliyejifunzia gereji za Mwanjelwa, Mbeya, anaweza kupimwa ujuzi wake na kupewa cheti bila kuanza upya. Vyuo vya maendeleo ya wananchi, kama cha Ilula wilayani Kilolo, vimekuwepo tangu miaka ya 1970, na programu ya Elimu Haina Mwisho imewarudisha darasani mabinti waliokatishwa masomo na ujauzito, wengine wakiwa na watoto wao chuoni.

Kwa chuo binafsi, kagua kwanza usajili wake NACTVET, baraza linalosajili vyuo vya ufundi. Kisha, chuo chochote kile, nenda siku ya kazi, uombe kuingia karakanani. Hesabu mashine zinazofanya kazi, uone na wanafunzi wangapi wanagombea mashine moja. Waliomaliza mwaka jana wako wapi? Mwalimu wa fani atakuwa na majina na namba za simu. Akianza kukurudisha ofisini ukachukue kipeperushi, endelea kutafuta.