Ujumbe Umekwisha au Bado?

Kipokezi cha GPS hutuma herufi moja moja kwenye waya. Mikrokontrola inayozipokea itajuaje kwamba ujumbe umekwisha?

Kanuni ya NMEA 0183 hutumia alama: kila sentensi ya GPS huanza na $ na kufungwa na herufi mbili zisizoonekana, namba 13 na 10. Haizidi herufi 82, kwa hiyo nafasi ya kuihifadhi hutengwa mapema.

Modbus RTU ya viwandani hutegemea kimya. Waya ukitulia kwa muda wa herufi tatu na nusu, ujumbe umefungwa. Ni ujanja mzuri, ila mtumaji akisita katikati, mambo huharibika.

Wanaoanza Arduino hukwama kwingine: amri ya readString husubiri sekunde 1 nzima baada ya herufi ya mwisho. Wajaribu readStringUntil, yenyewe hurudi mara tu iionapo alama iliyoagizwa.