Kungwi au Msindikizaji? Juu ya Jina la Protini Fulani za Seli

Ndani ya seli za binadamu mna protini ambazo kazi yake ni kuzisimamia protini nyingine zinapojikunja. Kwa Kiingereza huitwa "chaperone", yaani bibi mtu mzima aliyekuwa akifuatana na binti asiyeolewa penye mikutano ya watu, asije akakaribiana na wasiomfaa. Ron Laskey na wenzake walilitumia jina hilo katika elimu ya seli mwaka 1978, na John Ellis akaipanua maana yake mwaka 1987. Mfasiri wa Kiswahili asikiapo habari hiyo, mara humjia kungwi. Neno hilo lapendeza, lakini litampoteza msomaji.

Kungwi hufundisha, humpa mwari elimu ambayo hakuwa nayo. Protini haifundishwi. Christian Anfinsen, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1972, alionyesha kwamba mpangilio wa asidi amino za protini waweza peke yake kuamua umbo lake. Shida ni msongamano. Seli imejaa tele, na mnyororo ambao haujakunjika huwa na sehemu zinazokimbia maji. Sehemu hizo zikikutana na za mnyororo mwingine hugandamana. Protini iitwayo Hsp70 huzishika, ikaziachia, ikazishika tena, mpaka mnyororo upate nafasi ya kujikunja wenyewe. Umbo likishatimia, Hsp70 haimo. Basi "msindikizaji" lafaa zaidi, maana desturi yake ni kufuatana na mtu sehemu ya njia, kisha akarudi.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Katika ugonjwa wa kurithi uitwao sistiki faibrosisi, wagonjwa walio wengi wana protini ya CFTR iliyokosa asidi amino moja tu, ile ya 508. Protini hiyo hujikunja vibaya. Wasindikizaji huizuia njiani, nayo huvunjwavunjwa kabla ya kufika kwenye utando wa seli, ingawa kama ingefika ingaliweza kufanya baadhi ya kazi yake. Hapo uaminifu wa mlinzi ndio uletao madhara. Elexacaftor na tezacaftor, zilizomo katika dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019, hazimgusi mlinzi huyo. Hujishikiza kwenye CFTR yenyewe, zikaisaidia kukaa katika umbo lake. Aliyezoea kusoma "kungwi" angedhani kwamba dawa humsahihisha mwalimu, kumbe humtegemeza mwari.