Dhana ya Schildkraut: Kemia ya Ubongo na Ugonjwa wa Huzuni

Maneno huzuni, majonzi na simanzi hutaja hali impatayo kila mtu aliyefikwa na msiba. Ugonjwa wa huzuni ni jambo jingine. Humkaa mtu kwa majuma au miezi, ukamnyima usingizi na nguvu za kufanya kazi, pengine pasipo sababu ya kuonekana. Baadhi ya wataalamu wa Kiswahili huuita sonona, ili kuutenga na huzuni ya kawaida.

Mwaka 1965 Joseph Schildkraut, tabibu wa magonjwa ya akili nchini Marekani, alitoa makala yenye kutafuta asili ya sonona katika ubongo. Alipima habari zilizokusanywa juu ya dawa kadhaa. Reserpini, iliyotumika kushusha shinikizo la damu, ilionekana kuwatia baadhi ya wagonjwa huzuni kubwa. Dawa hiyo hutoka katika mizizi ya Rauvolfia, mmea ambao aina yake moja humea katika misitu ya Kongo. Iproniazidi, kinyume chake, iliwachangamsha wagonjwa wa kifua kikuu. Ya kwanza humaliza akiba ya noradrenalini katika ubongo. Ya pili huizuia isivunjwe.

Noradrenalini ni mojawapo ya kemikali zinazopeleka habari kutoka chembe moja ya neva hadi nyingine. Schildkraut alitoa dhana kwamba upungufu wake huleta sonona, na wingi wake huleta mchangamko uliopita kiasi. Yeye mwenyewe alionya kuwa maelezo hayo yanarahisisha mno jambo lenye mafumbo mengi.

Onyo hilo lilisahauliwa na wengi. Hata hivyo, dawa za namna ya iproniazidi hubadili kemikali za ubongo upesi, ilhali nafuu huchukua majuma; na wengi waliotumia reserpini hawakupatwa na sonona. Kwa hiyo upungufu wa kemikali moja hauhesabiwi leo kuwa sababu ya kutosha.

Schildkraut alifariki mwaka 2006. Dhana yake ilifungua njia ya utafiti, nayo yatakiwa kufasiriwa kama dhana, si kama hakika. Lakini jambo moja halikutanguka: mwenye sonona si mvivu, wala hana haja ya kutafutiwa mchawi. Ni mgonjwa, naye astahili tabibu.