Je, Wajua? Saruji Hukomaa kwa Maji, Si kwa Jua

Mwenye nyumba anayeziba mwenyewe ufa wa sakafu huomba jua liwake ili kazi ikauke upesi. Jua hilo ndilo linaloiharibu.

Saruji haishiki kwa kukauka. Chembe zake huungana na maji kikemikali na kufanya fuwele ndogo zinazoshikamanisha mchanga na kokoto. Maji yakipotea mapema, kazi hiyo hukatika njiani na sakafu huanza kutoa vumbi na nyufa. Ndiyo maana mafundi hulifunika zege jipya kwa magunia yaliyoloweshwa au nailoni na kulimwagilia kwa siku 7 hivi. Wahandisi hupima nguvu yake siku ya 28.

Hata chini ya maji, saruji huganda!

Hataza ya saruji ya Portland ilitolewa Uingereza mwaka 1824 kwa Joseph Aspdin, mwashi wa Leeds. Lakini saruji haifai kila ukuta. Kuta za kale za Mji Mkongwe, Zanzibar, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, inayopitisha unyevu. Zikipigwa plasta ya saruji, unyevu hunaswa ndani, chumvi huzila na plasta hubanduka. Kiraka cha nyumba hizo ni chokaa na mchanga.