Kliniki apimwe na mama, si mtoto peke yake

Mtoto akipelekwa chanjo za wiki 6, 10 na 14, hupimwa uzito na kadi yake hujazwa. Mama aliyembeba mara nyingi huulizwa tu kama maziwa yanatoka. Hapo ndipo sonona ya uzazi inapopita bila kuonekana.

Kwanza tutofautishe. Wazazi wengi hulialia na kukosa raha siku chache baada ya kujifungua, na hali hiyo huisha yenyewe ndani ya wiki mbili. Huzuni ikizidi hapo, au ikianza baadaye, hata baada ya arobaini wageni wakiwa wameshaondoka, tushuku sonona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea, karibu mama 20 kati ya 100 waliojifungua hupata maradhi ya akili, hasa sonona.

Kipimo chake hakihitaji damu wala sindano. Ni maswali 10 yaliyotolewa mwaka 1987, yanayojulikana kwa jina la mji wa Edinburgh. Mama huulizwa hali yake ya siku 7 zilizopita: je, bado anacheka? Anajilaumu bila sababu? Huzuni inamnyima usingizi? Kila jibu lina alama 0 hadi 3. Akifikisha 13, achunguzwe zaidi na tabibu. Swali la mwisho ni la kutaka kujidhuru. Akikubali hapo, asaidiwe mara moja, hata jumla yake ikiwa ndogo.

Aulizwe faraghani. Mbele ya mume au mama mkwe atajibu, "Alhamdulillah, sijambo."

Wapo wasemao ni jini au upungufu wa imani. Bi Maryam, uchungu ulipomzidi, alitamani bora angekufa kabla ya hapo. Hakukemewa; aliliwazwa, akapewa maji na tende (Surat Maryam, aya 23-26). Tumuombee dua mgonjwa, na hospitali tumpeleke. Tiba ipo: ushauri nasaha, na zipo dawa anazoweza kupewa na daktari huku akinyonyesha. Nyumbani apunguziwe kazi, na mume ambebe mtoto ili mama alale.

Akisikia sauti wasizozisikia wengine, akikesha siku kadhaa na kusema yasiyoeleweka, au akitaka kumdhuru mtoto, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Asiachwe peke yake.

Allah awape afya wazazi wetu. Amin.