Beni na Butembo: rekodi za kingamwili dhidi ya Ebola

Tuanze na rekodi ya dozi, kwa kulinganisha na dawa ya ugonjwa mwingine. Aprili 2019 Marekani iliidhinisha risankizumab, dawa ya kibiolojia ya sindano kwa watu wazima wenye soriasisi ya mabaka. Mgonjwa akishamaliza dozi za mwanzo huchomwa miligramu 150 chini ya ngozi kila baada ya wiki 12, kisha anaendelea na shughuli zake. Mwezi huohuo, katika vituo vya matibabu ya Ebola vya Beni na Butembo, Kongo, wauguzi walikuwa wakitundika dripu za dawa ya ukoo uleule, yaani kingamwili zilizotengenezwa maabara. Ila kipimo chake kilikuwa kingine kabisa. Mojawapo, REGN-EB3, hutolewa miligramu 150 kwa kila kilo ya mwili, kwa hiyo mtu wa kilo 60 hupokea gramu 9 kwa mara moja, mara 60 ya sindano ya soriasisi. Mwenye soriasisi anatulizwa kinga yake inayomshambulia mwenyewe, na dawa ina miaka ya kuifanya kazi hiyo polepole. Mwenye Ebola ana siku chache tu.

Rekodi ninayoiheshimu kuliko nyingine ni ya jaribio kubwa zaidi la dawa za Ebola. Mwaka 2014 hadi 2016 Ebola iliwapata watu zaidi ya 28,000 Afrika Magharibi, lakini jaribio la ZMapp, kingamwili zilizozalishwa ndani ya mimea ya tumbaku, lilipata wagonjwa 72 tu na likaisha bila jibu la uhakika. Kivu Kaskazini, kati ya Novemba 2018 na Agosti 2019, wagonjwa 681 wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina waligawiwa kwa kura dawa nne: ZMapp, remdesivir, mAb114 na REGN-EB3. Jaribio lilipewa jina la Pamoja Tulinde Maisha, na lilisimamiwa na taasisi ya utafiti ya INRB ya Kinshasa, chini ya Profesa Jean-Jacques Muyembe, pamoja na taasisi za afya za Marekani.

Tena lilifanyika chini ya risasi, na sijui jaribio jingine la ukubwa huo lililopitia hayo. Vijiji vya Beni vilikuwa vikishambuliwa na waasi wa ADF. Kituo cha Katwa kilichomwa moto tarehe 24 Februari 2019, na siku tatu baadaye kile cha Butembo kikavamiwa. Tarehe 19 Aprili Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni wa Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi katika hospitali ya chuo kikuu mjini Butembo. Mitaani watu waliita yote haya biashara ya Ebola, na uvumi ulisema anayeingia kituoni hatoki. Beni walitumia vyumba vya plastiki angavu, ambavyo kuta zake zilikuwa na glavu ndefu zilizoshonewa humo: muuguzi aliingiza mikono kutoka nje, akarekebisha dripu bila kuvaa gwanda zito, huku ndugu wamesimama pembeni wakimwona mgonjwa wao kwa macho yao. Nadhani chumba hicho kilijibu uvumi kuliko mikutano mingi ya hadhara.

Majibu yalikuja mapema kuliko ilivyopangwa. Tarehe 9 Agosti 2019 kamati ya usalama ilitazama takwimu za wagonjwa 499 na kusimamisha mgawanyo wa kura. Hesabu za mwisho: walikufa asilimia 49.7 ya waliopewa ZMapp na 53.1 ya remdesivir, lakini 35.1 ya mAb114 na 33.5 ya REGN-EB3. Waliofika virusi vikiwa bado vichache damuni walikufa takriban mmoja kati ya kumi kwa dawa hizo mbili. Kwa kulinganisha, Yambuku, mwaka 1976, ugonjwa huu uliua watu 280 kati ya 318.

Safari ndefu zaidi ni ya mAb114. Katika mlipuko wa Ebola wa Kikwit, mwaka 1995, Muyembe na wenzake waliwatia wagonjwa wanane damu ya waliopona, na saba wakaishi. Wataalamu wengi wa nje hawakushawishika, kwa kuwa hapakuwa na kundi la kulinganisha. Miaka kumi na moja baada ya mlipuko huo, manusura mmoja wa Kikwit alitoa damu yake, na humo ndimo watafiti wa Marekani na Uswisi walimochambua kingamwili hiyo. REGN-EB3 haina nasaba hiyo, kwani ilianzia kwa panya wa maabara waliowekewa jeni za kinga za binadamu.

Ya kwanza kuidhinishwa Marekani kutibu Ebola ni REGN-EB3, kwa jina la Inmazeb, tarehe 14 Oktoba 2020. mAb114 ilifuata Desemba, ikiitwa Ebanga. Haki za Ebanga zilichukuliwa na kampuni ya Miami, na Madaktari Wasio na Mipaka walilalamika kwamba akiba kubwa ya dawa hizi ilikuwa imewekwa Marekani. Malalamiko hayo yana haki, hasa kwa dawa iliyotoka katika damu ya Mkongo na kupimwa kwa wagonjwa wa Kongo.

Rekodi ya ukubwa wa mlipuko huo wa Kivu Kaskazini kila mtu anaijua: watu 3,470 waliugua na 2,287 walikufa hadi Juni 2020, mlipuko wa pili kwa ukubwa duniani. Mmoja kati ya midogo kabisa nao ni wa Beni. Tarehe 19 Agosti 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza rasmi kingamwili hizo mbili, na siku chache baadaye mlipuko ukatangazwa mjini humo, mgonjwa mmoja tu. Alikuwa amelazwa kwa maradhi mengine, na kipimo kilionyesha Ebola baada ya yeye kufariki. Katika jaribio la 2018 na 2019 pia wagonjwa walifika, kwa wastani, siku tano na nusu baada ya dalili kuanza, na kila siku ya kuchelewa iliongeza hatari ya kifo. Hapo ndipo kuna rekodi ya kuvunja.